Maji ya Mguu

Jina lake nalijua, lakini sikumbuki kumsikia mtu akimwita kwa jina hilo. Tulimwita Mwosha, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya. Akifa mwanamke katika mtaa wetu wa Bagamoyo, au katika mitaa ya jirani, yeye ndiye aliyeitwa kuja kumwosha na kumvisha sanda. Mbele yake tulisema Bibi. Nyuma yake, wasio na adabu walimwita Bi Matende, kwa sababu ya mguu wake wa kushoto.

Mguu ule ulikuwa umevimba tangu chini ya goti mpaka vidoleni. Ngozi yake ilikuwa nene, yenye mikunjo kama gome la mti mkongwe, na vidole vilizama ndani ya nyama hata kucha zikaonekana kama zimepachikwa tu. Tangu nipate akili nilimwona nao. Wenye matende walikuwa wengi pwani, wanaume kwa wanawake, wala hukushangaa kumwona mtu akiburura mguu wake sokoni. Kilichoshangaza kwa Mwosha ni kwamba mguu wake haukuwa na kidonda, haukunuka, na mwaka kwa mwaka haukuzidi kukua. Wenzake wa ugonjwa ule walilala kwa homa mara kwa mara, na kila walipoinuka mguu ulikuwa umeongezeka. Yeye alikwenda kuosha watu na kurudi nyumbani kwake kwa miguu yake.

Watoto tulifundishwa kumwamkia kama tulivyowaamkia wakubwa wote. Tukisema, "Shikamoo, Bibi," alijibu, "Marahaba. Shikeni kwa maneno, mguu wenyewe niachieni." Nadhani huo ulikuwa mzaha wake wa pekee, na aliurudia bila kutabasamu.

Uani kwake na uani kwetu palitenganishwa na ua wa makuti uliochakaa, kwa hiyo nilimwona kila siku akiushughulikia mguu wake baada ya sala ya alasiri. Alitoka na kibao cha kukalia, bakuli la shaba, na majani ya mkunazi aliyoyaponda mpaka yakatoa povu. Alianza juu, chini ya goti, akashuka polepole, akifungua kila mkunjo wa ngozi kwa vidole kama mtu anayefungua kurasa za msahafu zilizogandana. Hakusugua. Akifika vidoleni alipitisha kitambaa chembamba katikati ya kidole na kidole, kwanza cha maji, kisha kikavu, kisha kikavu kingine. Alikuwa na kipande cha kioo cha Wahindi, akakilaza chini na kuuinua mguu juu yake ili auone wayo. Aliutazama wayo ule kwa makini kuliko alivyowahi kuutazama uso wake. Mwisho alipaka mafuta ya nazi kidogo, ili ngozi isipasuke, lakini katikati ya vidole hakupaka kitu.

Kisha alikaa, mguu umelazwa juu ya gunia lililokunjwa, akakiinua kisigino na kukishusha, akitafuna tambuu na kuzungumza na mama yangu kupitia ua. Hapo ndipo habari zote za mji zilipotajwa: nani kaachwa, nani kaoa mke wa pili kwa siri, mpagazi gani wa Kinyamwezi kakimbia na mjakazi wa nani. Alipenda umbeya kama alivyopenda tambuu. Lakini mdomo ule uliojua habari za kila nyumba haukutoa hata neno moja juu ya aliyoyaona katika kitanda cha kuoshea. Mke wa jumbe mmoja alipofariki ghafla, mji mzima ulitaka kujua kama mwili ulikuwa na alama za kupigwa. Wanawake walimjia mmoja baada ya mwingine, wengine na haluwa mkononi. Alikula haluwa, akanyamaza.

Vitambaa vyake vya kukaushia vilitoka kwa maiti, na sabuni pia. Ilikuwa desturi mwosha apewe nguo alizofia marehemu na kipande cha sabuni kilichobaki, naye alizifua nguo zile, akazianika juani siku nzima, akazipasua vipande vya mguu. Watu waliona kinyaa. Siku moja kisimani mwanamke mmoja alisema kwa sauti, makusudi asikike, "Sabuni ya maiti ndiyo inayomlinda, si kitu kingine."

Mwosha akaweka mtungi chini. "Ndiyo," akasema. "Mwenyewe hakuimaliza. Wewe ukifa nitakuwekea yako kaburini, uende nayo."

Alikuwa mkali hivyo kwa walio hai. Mgeni akija kwake pekupeku alimfukuza akavae viatu kwanza, hata kama ni mkubwa wake. Hakupenda kuku wapite karibu naye kwa kuogopa wasimdonoe. Alilala kinyume na watu wote: kitanda chake cha kamba kilinyanyuliwa upande mmoja kwa mawe ya matumbawe, na upande ule wa juu aliweka miguu, si kichwa. Mama alimwambia kwamba kulala hivyo ni nuksi. Akajibu, "Maji hayapandi mlima. Acha yateremke usiku, yamenisumbua mchana."

Kwa wafu alikuwa mtu mwingine. Mama, aliyemsaidia kumimina maji mara nyingi, alisimulia kwamba Mwosha alizungumza na maiti kwa sauti ya chini kama anayemwogesha mtoto mchanga. "Tunakugeuza kidogo, mwanangu. Tumemaliza upande huu." Akikuta kidonda katika mwili ule, alikizunguka kwa ncha za vidole kana kwamba bado kinauma. Wala hakuwa na haraka. Waume wangojee nje, jeneza lingoje, jua lichwe, yeye alimaliza alivyotaka.

Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa adui wa mguu wake. Kuosha maiti ni kusimama majini. Chini ya kitanda huchimbwa ufuo wa kupokea maji, udongo hulowa, na mle ndani hakuna aingiaye na viatu. Yeye aliyewafukuza watu pekupeku alisimama pekupeku kwenye tope kwa muda mrefu, akatoka ngozi ya vidole imelainika. Akifika nyumbani hakula wala hakunywa mpaka auoshe mguu na kuukausha. Mama alimwambia aiache kazi ile.

"Nikiacha, nani?" akauliza.

Mama akamtajia wanawake wawili wa mtaa wa pili.

"Hao wana haraka," akasema Mwosha.

Yote haya niliyaona na kuyasikia kama mtu anavyosikia mambo ya jirani. Yalikuja kunihusu mimi mwenyewe baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeolewa mtaa uleule, na mume wangu alifanya kazi ya kuosha na kuchagua sandarusi, utomvu mgumu unaochimbwa ardhini, katika ghala la Mhindi. Mtoto hakuishi. Yeye mwenyewe Mwosha ndiye aliyemwosha, na hilo sitalieleza. Mwezi haukupita nikashikwa na homa ya kutetemeka, kinena kikafanya uvimbe wa mtoki, na mguu wangu wa kulia ukavimba, ukawaka kama umepakwa pilipili. Homa ilipotoka, uvimbe ulibaki kidogo juu ya fundo la mguu. Ukibonyeza kwa kidole, panabaki shimo.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mwema, na kwa wema wake alimleta mganga wa kuchanja chale ili damu mbaya itoke. Wembe ulikuwa umekwisha kunolewa wakati Mwosha alipoingia bila kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mnamtoboa kwa nini?" akauliza.

"Damu imeganda ndani, dada," akasema mama mkwe. "Inatakiwa itoke."

"Na kitakachoingia mtakitoa kwa kitu gani?"

Mwosha akaketi sakafuni kwa taabu, akaunyoosha mguu wake mbele ya watu wote, akaipandisha kaniki yake mpaka gotini. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya mwanamume. Akaonyesha mistari mifupi myeupe kwenye ngozi nene, mingi, safu kwa safu.

"Huu ulikuwa mguu kama wake," akasema. "Uvimbe wa juu ya fundo tu, nikifunga urembo wa mguuni hauonekani. Mume wangu aliniletea mtu wa kunichanja, kwa kunipenda. Nikachanjwa. Chale zikaoza, nikalala na homa mwezi mzima, nilipoamka mguu umekuwa mguu huu. Akaniletea tena. Mara ya tatu nilimwambia anichinje kabisa. Akaenda bara na msafara, hajarudi mpaka leo." Akaishusha nguo. "Mimi sina dawa. Nikiwa na dawa ningejitibu. Lakini mguu huu hauongezeki wenyewe. Kila unapoongezeka, homa imetangulia, na kila homa inapokuja, ukitafuta utakuta palipopasuka. Mwiba, kucha, ukungu wa vidoleni, alipouma mbu ukapakuna. Msimfungulie mlango mwingine."

Mama mkwe alilia kidogo, akamlipa mganga na kumwomba radhi, naye mganga akaenda zake. Kuanzia siku ile Mwosha alikuwa anapiga hodi kwetu kila alasiri na kusema, "Nionyeshe vidole." Hakunisifu. Akiona nimeacha unyevu katikati ya kidole cha mwisho na cha jirani yake, ambacho ndicho kigumu kukifikia, alinitazama kama nimemtukana. Alinifundisha nikate kucha bila kuingia pembeni, nimwage mafuta yaliyochacha, nisikae nimening'iniza miguu. Homa iliponirudia mara moja, mama mkwe alitaka kunikanda kwa maji ya moto. Mwosha akamzuia. Alinilaza, akauinua mguu juu ya mito, akauwekea vitambaa vya maji ya baridi, akakaa hapo mpaka homa ikashuka. Alipokwisha alinipekua, akakuta mchubuko mdogo nyuma ya kisigino, palipokwaruzwa na mtalawanda, kiatu changu cha mti.

"Huyu hapa," akasema, kama aliyemkamata mwizi.

Mguu wangu umebaki hivyo mpaka uzee huu. Umevimba, lakini ni mguu.

Kisha ukaja mwaka wa vita. Wajerumani walikuwa wametwaa forodha na kupandisha bendera yao, watu wa pwani wakakataa, na manowari ikapiga mizinga mjini. Sisi tulikimbilia mashamba ya ndani tangu siku ya kwanza, tukiwa na mkeka na sufuria. Tulimwita Mwosha tufuatane. Alikataa. Mjini walikuwa wamebaki wanawake, wengine wagonjwa, wengine wamefiwa na watu wa kuwasaidia kukimbia, na kila siku alikuwapo wa kuoshwa. Nyumba yake ilipoungua ndipo alipotoka, akaingia katika kundi la watu waliokuwa wakielekea upande wa Kerege.

Mwanamke mmoja aliyekuwa katika kundi lile alinisimulia baadaye. Kubadhi pana la Mwosha, alilokuwa ameshonewa na fundi kwa kipimo cha mguu ule, lilikatika ukanda siku ya pili. Akaufunga mguu kwa kitambaa, na kitambaa kikalowa tope, kikakauka, kikalowa tena. Walipita katika mashamba ya mtama uliokwisha kuvunwa, na mashina yake yalikuwa yamekatwa mshazari, makali kama visu. Hakulalamika. Ila kila walipopumzika aliuliza kama kuna maji, akaambiwa yaliyopo ni ya kunywa.

Nitasema sasa jinsi alivyokufa, ili nisiishie hapo. Alifariki katika kijiji kile alichofikia, kabla vita havijatulia kabisa. Kisima kilikuwa kimoja na kilikaribia kukauka, watu walikuwa wengi na wengine wanaharisha, na hali ya mwili wake ilikuwa mbaya, hata hakuna mwanamke aliyethubutu kuugusa. Wakamfanyia tayamamu. Walipiga viganja kwenye vumbi, wakampaka usoni na mikononi, wakamfunga nguo aliyokuwa nayo, wakamzika. Sheria inaruhusu. Nimemwuliza mwalimu, naye akanieleza kwa upole kwamba maji yakikosekana, au mwili ukiwa hauoshiki, vumbi linatosha, na marehemu ni twahara kama aliyeoshwa kwa mitungi. Nilimshukuru. Mama yangu nilimficha habari hiyo mpaka naye akafa.

Lakini mimi nilimwona kabla ya hapo. Habari zilitufikia kwamba yuko kule, na mguu umepasuka. Mume wangu alikubali kunisindikiza, tukatembea tangu alfajiri kwa njia za mashambani, tukafika jua likiwa limeanza kuinama. Tulimwuliza kijana wa kwanza tuliyemkuta, akatuonyesha kwa kidevu, bila kunyoosha mkono. Walikuwa wamemjengea kipenu cha majani nyuma ya nyumba ya mwisho, mbali na jikoni. Harufu ilitupokea kabla hatujakiona. Mume wangu akasimama. Nikaenda peke yangu.

Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye nguzo, amekonda sana usoni. Mguu ulikuwa mbele yake juu ya majani ya mgomba, umefunikwa kwa kitambaa ambacho sikuweza kujua rangi yake ya kwanza. Nzi walikuwa juu yake, naye hakuwafukuza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akakaza macho kunitazama. "Ni wewe. Mama yako yuko hai?"

"Yu hai. Anakusalimu."

"Na mguu?"

"Hajambo," nikasema, kama vile mguu wangu ulikuwa mtu.

Nikamwuliza ni nani anayemwosha. Akasema hakuna. Nikamwuliza yeye mwenyewe je, haoshi tena?

"Wanachota maji wakipanga foleni," akasema. "Kuna watoto hapa wanalia kiu. Nitamwendea nani nimwambie nipe maji ya mguu?" Alisema bila uchungu. "Nilijaribu mkojo wangu. Haukusaidia."

Nilitoka nikaenda kwa mwenye nyumba ile, mwanamke wa Kizaramo aliyekuwa akitwanga, nikampa leso niliyokuwa nimejifunga kichwani. Alinitazama, akatazama kule nyuma, akanijazia kata mbili katika chungu kidogo. Hakuna la kumlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea uji kila siku, na wengine hata hilo hawakulitenda.

Nikarudi, nikachuchumaa mbele ya Mwosha, nikakitoa kitambaa. Kilikuwa kimegandamana na nyama, ikabidi nikilowanishe kwanza. Niliyoyaona chini yake sitayaandika. Ngozi ile aliyoifungua mkunjo kwa mkunjo miaka yote ilikuwa imefunguka yenyewe. Nikaanza juu, chini ya goti, kama alivyonifundisha, taratibu, nikimwagia maji kidogo kidogo kwa kiganja. Aliuma midomo lakini hakuutoa mguu. Mahali fulani nilisikia sauti ya chini ikisema, "Tunashuka kidogo, tumemaliza upande huu," na ikanichukua muda kujua kwamba aliyekuwa akisema ni mimi.

Maji yalipofika nusu ya chungu, akaniwekea mkono begani.

"Basi," akasema.

"Bado vidole, Bibi."

"Basi, nimesema. Kaa chini. Nipe mguu wako."

Nilidhani homa imempanda kichwani. Akanyoosha mkono, akanishika mguu wa kulia, akauvuta mpaka ukawa mapajani pake. Nilikuwa nimetembea kutwa nzima, mchanga na jasho vimejaa kwenye kubadhi. Akavipanua vidole vyangu, akainama karibu, kwa maana macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, na kati ya kidole cha mwisho na cha jirani yake akakuta ngozi imepasuka, nyembamba, nyekundu, ambayo sikuwa nimeisikia.

"Unaona?" akasema. "Umetoka alfajiri na hukutazama."

"Nitaosha nikifika nyumbani, Bibi. Maji haya ni yako."

"Mguu wangu umekwisha kwenda," akasema. "Usinisumbue."

Akakiinamisha chungu. Akaniosha kwa maji yale mpaka yakaisha. Hapakuwa na kitambaa kikavu pale. Akashika pindo la nguo yangu mwenyewe, upande uliokuwa safi, akanikausha kidole kwa kidole. Aliporudi kwenye kile kilichopasuka alikaa nacho muda mrefu, akikipulizia pumzi. Nje mume wangu aliniita, akisema jua linatuacha. Mwosha hakuinua kichwa.

"Angoje," akasema.